Budd Schulberg: Mwandishi wa Ngumi Aliyewataja Marafiki Zake

Usiku wa tarehe 14 Juni 1934, katika uwanja wa wazi wa Madison Square Garden Bowl huko Long Island City, New York, pande la mtu kutoka Italia lilikuwa likipigwa mbele ya maelfu ya watazamaji. Primo Carnera alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, urefu wake ukikaribia mita mbili na uzito wake kilo zipatazo 120. Max Baer alimwangusha mara 11. Kila akianguka aliinuka, akayumba, akapigwa tena, mpaka refa akalikatisha pambano katika raundi ya 11. Waliomleta ulingoni hawakuwahi kumhitaji ajue kupigana. Walimhitaji awe mkubwa tu.

Carnera alizaliwa Sequals, kijiji cha kaskazini mwa Italia, na watu wa ngumi walimwokota Ufaransa alikokuwa akionyesha nguvu zake kwenye sarakasi. Alipofika Marekani aliangukia mikononi mwa watu wa aina ya Owney Madden, jambazi aliyetajirika kwa pombe ya magendo. Mapambano yake mengi ya mwanzo yalijulikana kuwa ya kununua: mpinzani analipwa, anapigwa kofi la bega, anajiangusha. Februari 1933 alipigana na Ernie Schaaf, na siku chache baadaye Schaaf akafa. Waliokuwa karibu na mchezo walinong'ona kwamba ngumi zilizomuua Schaaf ni zile alizokula kwa Baer mwaka uliotangulia, Carnera alimalizia tu mtu aliyekwisha kuumia.

Mwaka 1947 kisa hicho kilitoka kikiwa riwaya, The Harder They Fall. Jitu la riwayani ni Mwajentina aitwaye Toro Molina, lakini kila mpenzi wa ngumi alijua anasomewa habari za nani. Mwandishi alikuwa Budd Schulberg, mwenye miaka 33. Ukitaka kumwelewa Schulberg, usimtazame Toro. Mtazame anayesimulia. Ni Eddie Lewis, mtu wa kalamu, aliyeajiriwa na genge kuandika sifa za bondia asiyejua kupiga ngumi. Eddie anajua kila kitu. Anajua nani amelipwa, nani ataanguka raundi gani, fedha inakwenda wapi. Anamwonea Toro huruma ya kweli, na bado anapokea bahasha yake.

Schulberg alimrudia mtu huyo maisha yake yote: yule aliye karibu na mwenye nguvu, anayejua, anayekula, na ambaye siku moja lazima aamue kama atasema. Mwaka 1951 zamu ya kuamua ilimfikia yeye mwenyewe, na alivyoamua bado kunawagawa watu hadi leo, miaka mingi baada ya kifo chake. Makala nyingi juu yake huchukua upande mmoja haraka mno. Kuna wanaomwita msaliti wakafunga kitabu, na kuna wanaotaja tuzo yake ya Oscar wakapita. Mimi naona mambo yake ni fundo, na fundo hulifungui kwa kulikata.

Alizaliwa New York tarehe 27 Machi 1914, akakulia Hollywood kama mtoto wa mfalme. Baba yake, B. P. Schulberg, alikuwa mkuu wa utengenezaji wa filamu katika Paramount. Mama yake, Adeline, baadaye akawa wakala wa waigizaji na waandishi. Budd alikuwa na kigugumizi kilichomtesa tangu utotoni. Ngumi alizirithi kwa baba. Shujaa wa nyumba yao alikuwa Benny Leonard, bingwa wa uzito mwepesi, Myahudi kama wao, na Budd alikuwa na daftari la kubandika kila habari ya Leonard iliyochapishwa. Kwa watoto wa Kiyahudi waliokuwa wakizomewa mitaani, mtu anayepigana kwa akili na kutoka ulingoni nywele zake hazijavurugika alikuwa jambo kubwa mno.

Baba alianguka vibaya. Aliondolewa Paramount, akafilisika kwa kamari na makosa yake, na mwishowe alifikia kuweka tangazo gazetini akiomba kazi katika mji aliosaidia kuujenga. Kwa hiyo Budd alijua mapema kwamba mji ule hauna shukrani. Akiwa Chuo cha Dartmouth alihariri gazeti la wanafunzi na kuwatetea wachimba marumaru waliogoma Vermont. Mwaka 1934 alikwenda Moscow, akahudhuria kongamano la kwanza la waandishi wa Kisovieti. Alirudi ameingia imani, na alipoanza kazi ya kuandika skripti Hollywood akajiunga na Chama cha Kikomunisti.

Yaliyotokea baadaye ndiyo aliyoyatumia kujitetea hadi kufa. Alikuwa akiandika riwaya yake ya kwanza, What Makes Sammy Run?, juu ya kijana aitwaye Sammy Glick anayepanda ngazi ya Hollywood kwa kukanyaga vichwa vya wenzake. Wakubwa wa Chama walimtaka aipeleke ikaguliwe, wakamwelekeza namna ya kuiandika. Alikataa, akaondoka, akaiandika alivyotaka. Ilipotoka mwaka 1941, Hollywood nayo ilimkasirikia. Inasimuliwa kwamba Louis B. Mayer wa MGM alimwambia B. P. kwamba mwanawe afukuzwe nchini, na baba akamuuliza: afukuzwe aende wapi, wakati ni mzaliwa wa hapahapa?

Vita vilipokuja aliingia jeshi la majini, akawekwa katika kikosi cha filamu cha John Ford. Kazi yao baada ya vita ilikuwa kutafuta filamu za Wanazi wenyewe zitumike kama ushahidi katika kesi ya Nuremberg. Ni Schulberg aliyemfuata Leni Riefenstahl, mwongozaji aliyempamba Hitler kwenye filamu, nyumbani kwake Kitzbühel, Austria, akamchukua kwa gari akawatambue watu wanaoonekana kwenye picha. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha mtu aliyeamini kwa dhati kwamba ushahidi ukiletwa mbele ya wenye mamlaka, haki hutendeka. Nuremberg ilimpa kila sababu ya kuamini hivyo.

Washington haikuwa Nuremberg. Kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti ilikuwa imeigeukia Hollywood tangu 1947. Watu 10 wa filamu waliokataa kuijibu walifungwa jela. Hata kabla hawajafungwa, studio ziliweka kile kilichokuja kuitwa orodha nyeusi: jina lako likitajwa, hupati kazi. Hakuna barua ya kukufukuza, hakuna kesi ya kujitetea. Simu inaacha kulia, basi. Njia ya kujisafisha ilikuwa moja, nayo ni kwenda mbele ya Kamati ukataje majina ya wengine.

Mapema 1951 rafiki yake wa zamani, Richard Collins, alimtaja Schulberg. Schulberg hakusubiri kuburutwa. Alituma simu ya maandishi akisema yuko tayari kushirikiana, na tarehe 23 Mei 1951 akaketi mbele ya wabunge, akaeleza jinsi Chama kilivyotaka kuiongoza kalamu yake, kisha akataja watu. Miongoni mwao alikuwamo Ring Lardner Jr., rafiki na mwenzake wa kazi, mtoto wa mwandishi mashuhuri wa michezo Ring Lardner. Huyu alikuwa ndiyo kwanza ametoka jela kwa kukataa kujibu maswali ya Kamati hiyohiyo. Kwa miaka mingi Lardner aliandika kwa majina ya kuazima.

Utetezi wa Schulberg unastahili kusikilizwa. Alisema waandishi aliowaona Urusi waliangamizwa na serikali ambayo wenzake wa Hollywood waliendelea kuisifu. Mwandishi Isaac Babel alipigwa risasi mwaka 1940, na Meyerhold, mwongozaji wa tamthilia, vilevile. Alisema waliolalamika juu ya uhuru wao California hawakuwahi kufungua mdomo kwa ajili ya wale waliokufa. Hilo ni kweli, na ni aibu kubwa ya kundi lile. Alisema pia kwamba wengi aliowataja walikwishatajwa na wengine. Hilo nalo ni kweli. Lakini kumtaja Lardner mbele ya Kamati hakukumfufua Babel. Kulichofanya ni kupigilia msumari kwenye mlango ambao Lardner alikwishafungiwa. Uovu wa Stalin ungeweza kuandikwa, kuhubiriwa, kupigiwa kelele, bila kumchongea mtu ambaye kosa lake lilikuwa mikutano na vijitabu.

Sasa tuje bandarini, maana hapo ndipo fundo linapokaza.

Mwaka 1948 mwandishi wa gazeti la New York Sun, Malcolm Johnson, alianza kuchapisha makala 24 juu ya uhalifu katika bandari ya New York, zikampatia Tuzo ya Pulitzer. Chanzo cha yote kilikuwa namna ya kuajiri. Kila siku wanaume walijipanga nusu duara mbele ya nyapara, naye akawachagua kwa kidole. Waliojitokeza walikuwa wengi kuliko kazi, siku zote. Aliyekubali kumkatia nyapara kitu kidogo kutoka kwenye ujira wake alijitambulisha kwa alama, kwa mfano kijiti cha kuchokolea meno nyuma ya sikio. Anayelalamika hachaguliwi kesho. Anayesema zaidi ya hapo anaokotwa mtoni. Msomaji aliyepitia Kuli ya Adam Shafi hahitaji kuelezwa sana: mwaka uleule wa 1948 wafanyakazi wa bandari ya Unguja waligoma, na neno letu kibarua lenyewe limetoka kwenye karatasi ile ndogo aliyopewa mtu kuhesabia siku zake za kazi.

Schulberg aliombwa kugeuza makala za Johnson kuwa filamu, na kazi hiyo aliianza kabla hajaenda mbele ya Kamati. Tafadhali shika hilo. Alimfuata Padri John Corridan, Mjesuiti aliyekuwa akiwafundisha wafanyakazi haki zao katika shule ya Xavier, Manhattan. Alikunywa na makuli kwenye baa zao, akasimama nao asubuhi, akajifunza lugha yao. Mahubiri maarufu ya filamuni, padri anaposema kwamba Kristo yumo katika ile nusu duara akisubiri kuchaguliwa, yanatokana na maneno ya Corridan mwenyewe.

Mwongozaji Elia Kazan naye alikuwa na mpango wake wa filamu ya bandari pamoja na mwandishi wa tamthilia Arthur Miller. Ulivunjika pale studio ilipotaka majambazi wa hadithi wageuzwe wakomunisti, Miller akajitoa. Aprili 1952 Kazan akataja majina kwa Kamati, na baada ya hapo ndipo akamtafuta Schulberg. Studio kubwa ziliukataa mradi. Darryl Zanuck wa Fox aliwaambia kwamba hakuna atakayetaka kuangalia makuli wanaotoka jasho. Walikuwa wamekaa hotelini Beverly Hills wamekata tamaa. Mtayarishaji Sam Spiegel, aliyekuwa na chumba mkabala na chao, akataka asimuliwe hadithi hiyo asubuhi, akaichukua. Walipiga picha Hoboken, New Jersey, katika baridi ya mwishoni mwa 1953, makuli wenyewe wakiwa nyuma ya waigizaji na pumzi zao zikitoka kama moshi. On the Waterfront ilitoka mwaka 1954, ikazoa tuzo 8 za Oscar, moja ikiwa ya Schulberg kwa skripti.

Shujaa wake, Terry Malloy, ni bondia aliyestaafu mapema, na hilo ni la Schulberg kabisa. Nimeitazama ile sehemu ya ndani ya teksi mara nyingi nikijaribu kuelewa kwa nini inauma hivyo. Ndugu wawili wamekaa kiti cha nyuma. Dirisha la nyuma lina pazia la vibao, kwa sababu watengenezaji hawakuwa na vifaa vya kuonyesha barabara ikipita. Charley, kaka mtu, ni msomi wa genge. Ametumwa amnyamazishe mdogo wake asitoe ushahidi, ama amkabidhi kwa wauaji. Anatoa bastola. Terry, aliyeigizwa na Marlon Brando, hatishiki wala hakasiriki. Anaisukuma bastola pembeni polepole, kwa mkono wa mtu anayemhurumia mwenzake. Kisha anamkumbusha usiku ule katika Madison Square Garden, kaka alipoingia chumba cha kubadilishia nguo na kumwambia kwamba leo si usiku wako, sisi tumeweka dau kwa Wilson. Wilson akapata nafasi ya kugombea ubingwa. Terry akapata safari ya kwenda kusikojulikana. Ningeweza kuwa mshindani wa taji, anasema.

Neno hilo halikutungwa mezani. Inasimuliwa kwamba Schulberg alimuuliza bondia Roger Donoghue, aliyemfundisha Brando mwendo wa ngumi, kama angeweza kuwa bingwa, na Donoghue akajibu kwamba angeweza kuwa mshindani wa taji. Bingwa, hapana. Bondia anajua tofauti ya mambo hayo mawili, na Schulberg alikuwa na sikio la kuisikia. Mwaka uleule ilipotoka The Harder They Fall, Jake LaMotta alimuuzia Billy Fox pambano katika Garden halisi, kwa sababu bila kufanya hivyo asingepewa nafasi ya ubingwa. LaMotta alikuja kuyakiri hayo mwenyewe mbele ya kamati ya Seneti mwaka 1960.

Mwishoni Terry anatoa ushahidi dhidi ya Johnny Friendly, mkuu wa genge. Kwa hiyo watu wakauliza, na bado wanauliza: je, si watu wawili waliotaja majina, wanatuambia kwamba kutaja majina ni ushujaa?

Kwa Kazan jibu ni ndiyo, kwa maneno yake mwenyewe. Katika kumbukumbu zake alikiri kwamba Terry anapomfokea Friendly kuwa anafurahia alichokifanya, sauti ile ni ya Kazan. Schulberg alikataa tafsiri hiyo maisha yake yote. Alisema hadithi ni ya bandari, na bandarini watu halisi walisimama mbele ya tume wakasema. Tarehe zinamsaidia: alikwisha kuwa na makuli na Corridan kabla jina lake halijatajwa popote. Kuwachanganya wawili hawa kama mtu mmoja ni kosa linalorudiwa mno.

Hata hivyo kumtoa kwenye kosa la Kazan si kumtoa kwenye lake. Filamu yake imejengwa juu ya swali la nani anashika mkate wa watu. Bandarini ni Friendly: anachagua nani ale leo, na Terry anaposema, anasema dhidi ya mwenye kushika mkate. Katika Hollywood ya 1951 waliochagua nani ale walikuwa Kamati na studio. Orodha nyeusi ilikuwa nusu duara ileile ya asubuhi, na jina la rafiki ndicho kilikuwa kijiti nyuma ya sikio. Aliyesema mbele ya Kamati alisema kwa mwenye nguvu, dhidi ya asiye na nguvu. Schulberg aliyeona hili wazi kabisa gatini hakutaka kuliona mjini kwao. Sidhani alikuwa mnafiki. Nadhani alikuwa na hasira ya haki kwa watu waliotaka kumtawala kalamu, na hasira hiyo ilimziba macho asione nani mwingine amesimama chumbani.

Riwaya yake Waterfront ya mwaka 1955 inasomwa na wachache, na ni hasara. Filamu inamwacha Terry akitembea, amevimba uso, makuli wakimfuata kazini. Riwayani hapati matembezi hayo. Maiti yake inaokotwa ndani ya pipa la chokaa kwenye mabwawa ya New Jersey, na genge linaendelea. Pale alipokuwa peke yake na karatasi, bila mwongozaji, Schulberg alikuwa mkweli zaidi juu ya gharama ya kusema.

Miaka iliyobaki nitaipitia kwa kasi, isipokuwa kwa mambo mawili. La kwanza ni Watts. Agosti 1965 mtaa huo wa watu weusi wa Los Angeles uliwaka moto, watu 34 wakafa. Schulberg alikwenda, akabandika tangazo kwamba anafundisha uandishi. Mwanzoni hakuja mtu. Kisha akaja mmoja, kisha wengine, mpaka ikawa karakana ya waandishi iliyotoa kitabu cha kazi zao mwaka 1967 na kuwainua washairi kama Quincy Troupe. Jengo lao lilichomwa moto mwaka 1973 na mtu aliyekuja kujulikana kuwa mpashaji habari wa FBI. Nikisoma hayo siwezi kuacha kufikiri kwamba Schulberg, kati ya watu wote, alikuja kupoteza kitu alichokipenda kwa mkono wa mpashaji habari wa serikali.

La pili ni ngumi zenyewe. Wengine hudhani aliuchukia mchezo, hasa kwa sababu filamu ya The Harder They Fall ya 1956, ya mwisho ya Humphrey Bogart, inamalizika kwa Bogart kuandika kwamba ngumi zipigwe marufuku. Skripti hiyo hakuiandika yeye. Carnera aliishitaki studio akidai dola milioni 1.5, akashindwa, Max Baer yeye aliigiza ndani yake. Schulberg alikuwa mwandishi wa ngumi wa jarida la Sports Illustrated tangu mwanzo wake mwaka 1954, na humo alilishambulia genge lililoushika mchezo kupitia jambazi Frankie Carbo. Aliwahi kuwa mmoja wa mameneja wa bondia Archie McBride, aliyepambana na Floyd Patterson, kwa hiyo alijua harufu ya kona ya ulingo na hesabu zinavyogawanywa baada ya pambano. Mwaka 1972 alitoa kitabu kizima juu ya Muhammad Ali. Alitaka mabondia wawe na kinga, na fedha yao ifike mikononi mwao.

Mwaka 2003 aliingizwa katika Jumba la Kimataifa la Mashuhuri wa Ngumi. Alifariki tarehe 5 Agosti 2009, akiwa na miaka 95. Katika ile filamu ya Bogart kuna hesabu moja inayofanywa baada ya jitu kuvunjwa taya: wanakata gharama za hoteli, za mazoezi, za mameneja, kila mtu anachukua chake, na mwisho wa karatasi kinachobaki kwa mtu aliyepigwa ni dola 49 na senti 7.